Dawa ya kopo imegoma kuua mbu? Kwanza jua unapigana na mbu gani

Mkuu mleta uzi, umesema unapuliza dawa ya kopo kila jioni, unafunga madirisha, na usiku mbu wanakuimbia kama hujafanya kitu. Halafu ukauliza hao watafiti wanaokesha vijijini na mitego wanatusaidia nini. Nakujibu yote mawili, maana hiyo kazi nimeifanya miaka kadhaa Bonde la Kilombero, kwanza nikiwa mkamata mbu, baadaye maabara.

Tuanze na hao waimbaji. Kama uko mjini, wengi wao si wa malaria. Ni kuleksi, anayezaliana kwenye maji machafu: shimo la choo, chemba iliyovunjika mfuniko, mtaro usiotembea. Anofelesi wa malaria anapenda madimbwi ya jua na majaruba ya mpunga, na ndugu yake aitwaye funestus, naye wa malaria, hutaka maji yasiyokauka yenye majani kandokando. Mwangalie akitua ukutani: anofelesi ananyanyua makalio juu, kuleksi analala sambamba na ukuta. Kwenye mitego yetu kuleksi walikuwa wanajaa hadi kero, anofelesi wachache, lakini hao wachache ndio wanaojaza wodi.

Sasa dawa. Ukitaka kujua kama mbu ni sugu, unachukua majike kama 25 wenye umri wa siku tatu hadi tano, ambao hawajanywa damu. Unawavuta kwa mrija wa mdomo (ndani una kipande cha wavu, la sivyo ungekula mbu) na kuwaingiza kwenye bomba la plastiki lenye alama nyekundu, ndani yake karatasi iliyotiwa dawa. Wanakaa saa moja. Kisha unawahamishia bomba la alama ya kijani lisilo na dawa, juu unaweka pamba yenye maji ya sukari, unaenda kulala. Waliokufa unawahesabu baada ya saa 24. Wakiwa chini ya asilimia 90, hao ni sugu.

Mgeni wa maabara huwa anashangilia mapema. Ndani ya ile saa moja mbu wanaanguka chali, anaona kazi imekwisha. Kesho yake asubuhi nusu yao wamesimama wananyonya sukari. Hicho ndicho kinachotokea chumbani kwako, mkuu. Dawa nyingi za kopo ni za kundi la pairethroidi, ambalo ndilo limetumika kwenye vyandarua miaka na miaka, na mbu wamelizoea. Ukipuliza, fagia walioanguka uwatupe nje kabla hawajaamka. Kuongeza dozi ni kujiumiza kifua tu.

Na ndiyo faida ya wale wanaokesha. Usugu ulipoonekana, watu walienda kutafuta vyandarua vya aina nyingine. Wilayani Misungwi, Mwanza, vililinganishwa vya aina kadhaa kwenye vijiji, na matokeo yakatoka 2022: chenye dawa iitwayo klofenapiri pamoja na pairethroidi kilipunguza malaria kwa watoto kuliko kile cha kawaida, hata baada ya miaka miwili. Klofenapiri haigusi mishipa ya fahamu, inamkatia mbu nguvu ndani ya seli, kwa hiyo ujanja wake wa zamani haumsaidii. Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani likavipendekeza.

Kuleksi yeye hana mwenyewe, kwa sababu pesa nyingi ziko kwenye malaria. Wakati ndiye anayetuletea matende na mabusha! Jaribio ninalolipenda kuliko yote lilifanyika Makunduchi, Unguja, mwishoni mwa miaka ya 1980. Walimwaga kwenye vyoo vya shimo vyenye maji punje za polistirini, ile kitu nyeupe nyepesi inayokuja ndani ya boksi la TV. Zinaelea na kufunika maji yote. Kiluwiluwi anakosa pa kupumulia, na jike hapati pa kutagia. Wakagawa na dawa ya minyoo ya matende. Mbu wakashuka sana, na ugonjwa nao ukashuka. Hakuna sumu pale, na mbu hawezi kujenga usugu dhidi ya kukosa hewa.

Kwa hiyo kwako: acha kopo, fungua macho nyuma ya nyumba. Ziba mfuniko wa chemba, funga wavu kwenye bomba la hewa la choo, na chandarua usikianike juani. Kama wanaokuuma wanakuja mchana na wana madoa meupe miguuni, huyo ni edesi wa dengue, hana habari na choo chako. Kagua pipa la maji, matairi na visahani vya maua, kisha rudi hapa utuambie umekuta nini.