Maswali Yenu: Mwanafunzi wa uzamivu anakuja kikundini

SWALI: Assalamu alaykum. Kikundi chetu cha taarab kina tepu za rili (kanda za sauti za magurudumu) za miaka ya 1970. Chuo kikuu kimetuomba tumpokee mwanafunzi wa uzamivu, asome kwao na afanye kazi kwetu. Tukubaliane nini kabla hajaja? – Katibu wa kikundi, Chake Chake

JIBU: Waalaykumu salaam, Katibu. Ulizeni kwanza swali la utafiti limetungwa na nani. Kama limekuja tayari kutoka chuoni, nyinyi mtakuwa ghala tu. Kaeni mlitunge pamoja.

Kikundi kitoe msimamizi wake, hata kama ni mpiga kanuni, ile ala ya nyuzi, asiye na shahada. Jina lake liandikwe kwenye makubaliano, na muda wake ulipwe. Wasimamizi wote wamwone mwanafunzi kwa pamoja kila mwezi. Wakimwona mbali mbali, huyu atamwambia aongeze sura, yule aongeze mazoezi, na mwaka umekwisha.

Chuo kiseme kwa maandishi kitakachotahiniwa: tasnifu peke yake, au kazi ya sanaa pamoja na maandishi mafupi zaidi. Kanuni hiyo ikikosekana, mwanafunzi hujikuta anaandika tasnifu kamili na kutengeneza kazi ya sanaa juu yake. Huo ni mzigo wa watu wawili.

Penye ugomvi zaidi ni rekodi. Tepu zibaki kwenu, mwanafunzi apewe nakala. Lakini kuwa na tepu si kuwa na wimbo: mtunzi wa shairi ana haki yake, na aliyetia muziki ana yake. Akiwa amefariki, watafuteni warithi. COSOZA, chombo cha hakimiliki cha Zanzibar, ndipo pa kuanzia. Na mzee akikubali kuhojiwa, hajakubali bado sauti yake iwekwe intaneti. Hizo ni saini mbili.

Tafadhali, msizijaribu tepu kwenye mashine iliyokaa kabatini. Gundi ya baadhi ya tepu za wakati ule hunyonya unyevu, na hewa yetu ina unyevu mwingi. Tepu hunata kwenye kichwa cha mashine na kuacha unga wa kahawia. Unga huo ndio sauti yenyewe inayobanduka, na hairudi. Fundi azikague kwanza. Kisha sauti ihamishiwe kwenye faili za kompyuta, kwa ubora wa 96 kHz na biti 24. Saa moja ya stirio hula takriban GB 2. Wekeni nakala tatu, moja ikae Unguja. Gharama za fundi na diski ziingie kwenye bajeti ya chuo, zisikatwe kwenye posho ya mwanafunzi.

Kibali cha utafiti cha Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar kiombwe mapema. Cha Bara hakitoshi. Na andikeni kabisa: kabla tasnifu haijawasilishwa, sura zinazowahusu zisomwe kikundini kwa Kiswahili, nanyi mpewe wiki nne za kusahihisha.