Jicho kwenye tundu: maswali yenu na majibu yangu

Tangu niwasimulie habari za watafiti walioificha picha nyuma ya tundu kisha wakafuatilia macho ya mtazamaji kwa mashine, maswali hayajakatika. Nimeokota sita, mengine yatasubiri zamu yake.

Mashine inajuaje ninatazama wapi? Siwezi kuidanganya?

Unaweza, lakini si kwa muda mrefu. Kifaa chenyewe ni kamera inayoliangalia jicho lako chini ya mwanga wa infraredi, ambao wewe huuoni. Mwanga huo huacha kimeta kidogo juu ya konea, utando angavu wa mbele ya jicho. Jicho likigeuka, mboni inasogea lakini kimeta kinabaki karibu palepale, na nafasi kati ya hivyo viwili ndiyo inayoitoboa siri yako. Kwanza unaegemeza kidevu, unafuata nukta inayohamahama kwenye skrini, mara nyingi vituo tisa, ili mashine ilizoee jicho lako. Nilipokalia kiti hicho mara ya kwanza nilijiapiza kutazama kona ya juu tu. Rekodi ilionyesha kwamba jicho lilikwenda konani kweli, ila baada ya kupitia kwenye uso wa mtu aliyekuwamo pichani. Sikumbuki kabisa kuutazama. (Aliyenifuata alirudishwa akanawe: wanja wa kope ni mweusi kama mboni, na kamera ilikuwa inashika kope.)

Kumzibia mtu picha akabaki na kitundu si kumwonea?

Kitundu anacho tayari. Nyosha mkono utazame ukucha wa kidole gumba. Upana wake ni kama digrii 2, na takriban hapo tu ndipo unapoona kwa undani, kwa kipande cha retina (utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga) kiitwacho fovea. Pembeni ni ukungu. Ndiyo maana jicho huruka mara tatu au nne kwa sekunde, likitua milisekunde 200 hadi 300 kila mahali. Daktari wa macho Mfaransa, Louis Émile Javal, alieleza miruko hiyo katika usomaji mwaka 1879.

Ukungu nao una kazi: ndio unaolichagulia jicho pa kurukia. Mwaka 1975 wanasaikolojia George McConkie na Keith Rayner walitumia dirisha linaloandamana na jicho juu ya maandishi, nje yake herufi zikiwa zimevurugwa. Majaribio ya namna hiyo yalionyesha kwamba msomaji wa Kiingereza anatumia herufi kama 15 upande wa kulia, lakini tatu au nne tu kushoto. Kwa wasomaji wa Kiebrania, wanaoanzia kulia, upande mpana ukahamia kushoto.

Umbo la tundu lina kazi gani? Duara, mraba, si tundu tu?

Hapa ndipo penye utamu. Tazama kwanza nguzo ya kinyozi, ile yenye mistari ya mshazari. Nguzo inazunguka kwenda upande, lakini wewe unaona mistari inapanda juu. Mstari unaopita nyuma ya tundu hauna mwanzo wala mwisho unaoonekana, kwa hiyo haukuambii unaelekea wapi. Ubongo unaokota jibu kwenye kingo za tundu. Tundu refu la wima, mistari inapanda. Lilaze, mistari ileile inakwenda kando. Mwanasaikolojia Hans Wallach alilichambua jambo hili mwaka 1935.

Kwenye picha tuli, tundu linavuta macho kwa njia nyingine. Benjamin Tatler alionyesha mwaka 2007 kwamba watu hutazama katikati hata pale mambo ya maana yanapokuwa pembeni. Mwaka 2010 Markus Bindemann akazisogeza picha kutoka katikati ya skrini. Macho ya mwanzo yakavutwa na katikati mbili, ya picha na ya skrini pia! Halafu kuna miruko ya kulia na kushoto, inayozidi ile ya juu na chini. Ni kwa sababu skrini ni pana? Kumjibu anayeuliza hivyo, unaipa picha fremu isiyopendelea upande, duara kwa mfano, kisha unaizungusha. Tom Foulsham na wenzake walipozungusha picha za mandhari mwaka 2008, miruko ilizunguka pamoja nazo. Kwa hiyo lawama zote si za fremu. Mandhari yenyewe ina mlalo wake, na jicho linaufuata.

Mbona kwenye ufa wa mlango namtambua mtu mzima anayepita, ilhali naona ukanda tu?

Kata ufa wa milimita chache kwenye kadi, kisha pitisha mchoro nyuma yake haraka haraka, huku na huku. Utauona mzima, lakini umebanwa, mwembamba kuliko ulivyo. Mwanasayansi Mjerumani, Zöllner, aliandika juu ya mbano huo mwaka 1862. Mwaka 1965 Theodore Parks alipitisha mchoro wa ngamia kwenye ufa, na bila shaka aliukumbuka msemo wa ngamia na tundu la sindano alipomchagua mnyama huyo. Ubongo unaweka vipande akibani na kuviunga.

Nikichungulia kwenye kitundu cha ngumi, maandishi yanasomeka bila miwani. Ni umakini?

Hapana, ni miale. Kitundu kinazuia ile ya pembeni ambayo jicho lako halikuikusanya sawasawa. Kapime macho.

Nimeletewa ripoti ya tangazo langu: katikati pamekolea rangi nyekundu, maana yake pametazamwa sana. Nimefaulu?

Bado. Katikati pangeiva hata ungeweka picha ya ukuta. Waombe wakuonyeshe picha nyingine iliyotazamwa katika fremu ileile, upunguze wekundu huo, kisha uone kinachobaki. Uliza pia watazamaji walipewa kazi gani. Mtafiti wa macho Alfred Yarbus, katika kitabu chake kilichotoka kwa Kiingereza mwaka 1967, alimpa mtu mmoja mchoro mmoja wa mchoraji Mrusi Ilya Repin kwa maagizo saba. Alipoulizwa umri wa watu, macho yakaganda usoni. Alipoulizwa hali yao ya kimaisha, yakahamia kwenye nguo na samani. Kama ripoti yako haisemi waliambiwa nini, irudishe.