Kiti cha pweza kuoza ncha za mikono
Pole sana dada, kwa kiti cha pweza wako (yule mnyama wa baharini mwenye umbo la nyota) anayeoza ncha za mikono. Kiti cha pweza wa buluu akianza kuoza hivyo siku chache baada ya kutiwa kwenye tangi la maji ya chumvi, mara nyingi ni mshtuko wa chumvi, yaani kiwango cha chumvi kilibadilika ghafla. Hawezi kurekebisha chumvi mwilini mwake. Maji ya bahari ndiyo yanayojaza vile vimiguu unavyoviona vikinyonya kioo. Ukileta mwingine, mzoeshe maji ya tangi tone kwa tone kwa mpira mwembamba, muda wa saa 3 hivi, kipimo cha chumvi (uzito wa maji ukilinganishwa na maji matamu) kisome 1.025, na usimtoe hewani. Dawa yenye shaba usiitie kabisa. Tangi nalo liwe limekomaa, mwaka au zaidi, maana anakula utando unaoota juu ya mawe. Huyo wako akilainika mwili mzima, mtoe upesi, atachafua maji.