Muulize Fundi: Pampu ya bwawa la nyumbani, HP ngapi zinatosha?

SWALI: Shikamoo fundi. Tuko Kigamboni, tumejenga kabwawa ka nyumbani urefu mita 8 upana mita 4, upande wa watoto kina mita 1 na upande wa pili mita 1.8. Filta ya mchanga tushanunua, ile ya kipenyo cha milimita 500, na bomba zimeshalazwa za milimita 50. Sasa ubishi uko kwenye pampu, fundi anataka HP 2 eti maji yachujwe fasta, muuza duka anasema HP 1, alafu shemeji yangu yuko Marekani anasema tusinunue kitu huku yeye atatutumia used nzuri. Tumsikilize nani? – Msomaji, Kigamboni

JIBU: Marahaba. Wote watatu wamekosea, ila wa duka kakosea kidogo kuliko wenzie.

Hakuna aliyeanza na maji. Bwawa lako kina chake cha wastani ni mita 1.4, sasa zidisha 8 mara 4 mara 1.4 unapata mita za ujazo kama 45, yani lita elfu 45. Maji yote hayo tunataka yapite kwenye filta walau mara moja ndani ya saa 6 mpaka 8, kwa hiyo unatafuta pampu ya kusukuma lita 5,600 mpaka 7,500 kwa saa. Hiyo ni pampu ya HP 0.5 au 0.75, basi. Ila usisome ile namba kubwa iliyoandikwa kwenye boksi, ile ni pampu ikiwa haina mzigo wowote. Mwambie wa duka akuonyeshe chati yake uangalie inatoa kiasi gani kwenye hedi (mzigo wa kusukuma, kama vile inapandisha maji juu) ya mita 8 mpaka 10, maana bomba, kona na mchanga wa filta vyote vinairudisha nyuma.

Alafu kuna filta. Filta ya milimita 500 kwa kawaida inabeba kama lita elfu 9 au 10 kwa saa, imeandikwa kwenye lebo yake ubavuni hebu kasome. Pampu ya HP 2 inaweza kusukuma zaidi ya elfu 20. Ukiifunga hapo maji yanachimba vinjia katikati ya mchanga na uchafu unapita nayo, unakuta unachuja mchana kutwa na maji bado yana ukungu, na siku nyingine utaukuta mchanga wenyewe umelala chini ya bwawa. Na bomba lako la milimita 50 litaikaba pampu upande wa kuvuta, itaanza kunguruma kama imemeza kokoto, na huo mlio ukiusikia ujue impela, lile feni la ndani linalosukuma maji, inaliwa. Mi nimeshaitwa mara kibao kwenye nyumba za watu pampu "mbovu" kumbe nzima kabisa, tatizo ni kwamba pampu yenyewe ni kubwa mno kwa bwawa lile.

Na umeme je? Pampu ya 0.75 inakula kama kilowati 0.8, kwa saa 8 ni yuniti 6 na kitu kwa siku, mwezi kama 190. Ya HP 2 inakula kilowati 2 hivi, hizo ni yuniti 480 kwa mwezi. Sasa wewe mwenye Luku yako piga hesabu, kwa bei ya shilingi 350 na ushee kwa yuniti ni elfu 68 dhidi ya laki moja na elfu 70. Kila mwezi bwana, na watoto wenyewe wanaogelea wikiendi tu.

Shemeji mshukuru lakini mwambie atume kitu kingine. Umeme wa Marekani ni hezi 60, yani unageuka mara 60 kwa sekunde, wa kwetu hezi 50. Mota ya kule ikija huku inazunguka taratibu, spidi inashuka kama sehemu moja ya sita, maji yanapungua na mota yenyewe inachemka. Na hapo ni kama ni ya volti 230, ikiwa ya 115 ukiichomeka tu imeondoka na moshi. Stabilaiza haisaidii, ile inarekebisha volti haigusi hezi. Used ya Dubai ina nafuu kwa sababu kule ni hezi 50 kama sisi.

Kwenye kufunga naomba ukazie mambo machache. Iweke kwenye zege lililoinuka kidogo, chini ya paa lakini hewa ipite, msiizike kwenye shimo lisilo na njia ya kutoa maji, maana masika ya Dar mnayajua, shimo likijaa mota imekwenda. Ikae mita 3.5 au zaidi kutoka ukingo wa bwawa, iwe na waya wa ethi na saketi breka yake ya RCD (ile inayokata umeme ukivuja) ya miliampia 30, na hapo sikubali kabisa mambo ya "tutaweka baadaye", kuna watoto wenye miili imelowa. Weka yunioni, zile jointi za kufungua kwa mkono, pande zote mbili ili siku ya kuitoa msikate bomba. Na kama pale chini ya bwawa fundi kaweka tundu moja tu la kuvuta maji, mwambie aongeze la pili, yaachane angalau sentimita 90, na mifuniko yake iwe ile iliyobinuka. Tundu moja mtoto akilikalia au nywele zikinaswa pampu inamng'ang'ania pale chini. Marekani ilibidi watunge sheria mwaka 2007 baada ya mtoto wa miaka 7 kufa hivyohivyo.

SWALI: Salaam aleikum fundi, nipo Nyali Mombasa. Pampu yangu iko juu ya usawa wa maji, kila asubuhi nikiwasha naikuta haina maji, inazunguka bure mpaka nifungue kifuniko nijaze kwa ndoo, na ikishika vipovu vinatoka kwenye matundu ya kurudishia maji. Nimekagua bomba zote, hakuna hata tone linalovuja. – Mama wa Nyali

JIBU: Waaleikum salaam dada. Hutaona tone, kwa sababu upande wa kuvuta ukiwa na upenyo maji hayatoki, hewa ndo inaingia. Anza na raba ya kile kifuniko cha kikapu cha kushika uchafu mbele ya pampu, itoe, ifute mchanga, kama imepasuka badilisha, kisha ipake grisi ya silikoni. Vaselini usipake, inaivimbisha. Angalia pia maji ya bwawa yafike nusu ya mdomo wa skima (lile tundu la ukingoni linalovuta maji ya juu), yakishuka chini ya hapo inafyonza upepo. Bado? Washa pampu upake povu la kunyolea ndevu kwenye kila jointi kabla ya pampu, pale povu linaponyonywa ndani ndo penyewe.

Ila mi nashuku ile jointi ya uzi inayoingia mdomoni mwa pampu. Pampu ikizunguka kavu maji machache yaliyobaki ndani yanachemka, plastiki ya uzi inasinyaa, na wewe umesema inazunguka bure kila asubuhi. Badilisha hiyo, funga tefloni upya, weka na valvu ya kuzuia maji kurudi, kisha acha kuiwasha kabla hujajaza.

SWALI: Fundi nina kale kapampu ka HP 0.5 ka kupandisha maji kwenye tanki, naweza kukatumia kwenye bwawa la watoto? – Msomaji, Mwanza

JIBU: Hapana kaka. Kale kanasukuma juu sana ila maji kidogo, hakana kikapu cha kushika majani wala nywele, na nafasi ndani yake ni nyembamba mno, punje za mchanga zinakafunga. Kaache kapandishe maji tankini. Nitumie vipimo vya hilo bwawa, na picha ya lebo ya filta kama ipo.