Maswali ya Wasomaji: Boti ya Jeti na Wimbi la Kuteleza

SWALI: Ndugu Mhariri, pokea salamu zetu kutoka Minnesota. Mwaka jana mimi na rafiki zangu wawili, sote wazaliwa wa Kenya, tulichanga fedha tukanunua boti iliyokwisha kutumika, yenye urefu wa futi 24 na injini mbili za jeti. Watoto wetu wamejifunza kwa majirani mchezo wa kuteleza kwa ubao juu ya wimbi la nyuma ya boti, ambapo mtelezaji huiachia kamba akaendelea kusukumwa na wimbi lenyewe. Nyuma ya boti yetu hawawezi, kwa maana wimbi ni fupi, limejaa povu, na mtoto akiachia kamba anazama papo hapo. Kibati cha uwezo kinaandika watu 12 au ratili 2,200. Tumeshauriwa tununue mifuko ya maji na kipande cha kubandika ubavuni. Je, tutapata wimbi? Tuanzie wapi?
Msomaji, Brooklyn Park, Minnesota

JIBU: Ndugu msomaji, boti yenu haina ila yoyote, inafanya kazi iliyoundiwa. Mhandisi Bill Hamilton wa New Zealand, aliyeikamilisha injini ya jeti ya majini, ile inayovuta maji chini ya boti na kuyarusha nyuma kwa nguvu, katika miaka ya 1950, alikuwa akitafuta chombo cha kupanda mito ya Canterbury, ambayo ni ya kina kifupi na imejaa changarawe, mahali ambapo rafadha, yaani panga la nje linalozunguka kuisukuma boti, ingevunjika kwa kugonga mawe. Mwaka 1960 boti za aina hiyo zilipanda mto Colorado dhidi ya mkondo, katikati ya bonde kuu la Grand Canyon. Tangu hapo boti ya jeti hutengenezwa iwe nyepesi, izame kidogo, na inyanyuke juu ya maji mapema. Wimbi la kuteleza lataka kinyume cha hayo yote, kwa sababu wimbi ni maji yaliyosukumwa kando, na chombo husukuma kando maji yenye uzito sawasawa na uzito wake. Boti nyepesi haina cha kusukuma. Kwa hiyo anzeni na uzito, mfuate mwendo, na kipande cha kubandika kije mwisho, ingawa wauzaji wengi watawaambia muanze na hicho.

Uzito wa kutuliza chombo una jina lake kwa mabaharia wetu: farumi. Katika majahazi ulikuwa mawe au mchanga ngamani, yaani chini kabisa ndani ya chombo. Kwenu utakuwa maji ya ziwa ndani ya mifuko mizito ya plastiki, inayojazwa na kumwagwa kwa pampu ndogo ya umeme. Lita moja ya maji ni kilo moja, kwa hiyo hesabu ni nyepesi. Ratili 2,200 ni takriban kilo 1,000. Mkiwa watu sita wenye wastani wa kilo 75, mmekwisha kutumia kilo 450. Mbao, nanga, kamba na vyakula tuseme kilo 50. Zinabaki 500, na nawasihi msizimalize. Wekeni lita 150 katika kila pembe ya tezi, yaani nyuma ya boti, na lita 100 kwenye omo, yaani mbele, jumla 400, na akiba ya kilo 100 ibaki kwa mgeni atakayepanda bila kutarajiwa. Uzito wa omo unaonekana kama unapingana na lengo, lakini ndio unaourefusha mteremko wa wimbi anaotelezea mtu. Boti iliyolemewa tezi peke yake hutoa wimbi la juu lakini fupi, na omo hunyanyuka hadi nahodha asione mbele. Zipo boti zilizoundwa kiwandani kwa mchezo huu zinazobeba zaidi ya tani moja ya maji. Msijilinganishe nazo, kwa sababu matumbo yao yamepimwa kwa uzito huo na yenu hayakupimwa.

Jambo moja ambalo wengi hulipuuza: mfuko ujazwe mpaka ukaze, au uachwe mtupu kabisa. Mfuko uliojaa nusu humwaga maji yake upande ule ule ambao boti imeinamia, na kuinama kidogo kukawa kuinama kwingi wakati wa kukata kona. Ufungwe pia kwa mikanda, usiwe umelazwa tu sakafuni. Mkishaujaza, angalieni kabla ya kuondoka kama matundu ya kutolea maji kwenye tezi bado yako juu ya usawa wa ziwa. Yakishuka chini yake, yatakuwa milango ya kuingizia maji.

Kabla hamjatoa hata senti, fanyeni jaribio la bure. Waketisheni watu wazima wanne kwenye pembe ya tezi ya upande mnaotaka wimbi, mwende polepole, na mmoja wenu aangalie nyuma. Mtaona upande ule umepata umbo na upande wa pili umevurugika. Hiyo ndiyo njia ya zamani, ya kuinamisha boti, na ndiyo iliyotumika sana kabla ya viwanda kuleta milango ya nyuma, yaani vibao vinavyofunguka kwenye tezi kuyageuza maji, kama ile ya boti za Malibu za mwaka 2013. Kwa boti ya jeti mbili siipendi kuinamisha kupita kiasi, kwa kuwa mdomo wa kuvutia maji wa upande ulioinuka unaweza kukaribia uso wa maji ukavuta hewa. Injini itanguruma kwa nguvu huku boti ikipoteza msukumo.

Mwendo ndio unaoamua urefu wa wimbi kutoka kilele hadi kilele. Wimbi linaloifuata boti husafiri kwa kasi ile ile ya boti, na kasi hiyo ndiyo inayopanga umbali huo: kwa kilomita 16 kwa saa ni takriban mita 12 na nusu, na kwa kilomita 19 unafikia karibu mita 18. Mkienda polepole mno, wimbi linakuwa fupi na linajikunja. Mkizidisha, boti inaanza kunyanyuka, na ule uzito mliouhangaikia unakosa kazi. Anzeni na kilomita 17, yaani maili 10 na nusu hivi, mkipandisha au kushusha kidogo kidogo, na msome mwendo kwenye kipimo cha setilaiti. Zingatieni kwamba jeti haina nguvu nyingi katika mwendo huu, na boti itapenda kuyumba. Aliyeshika usukani asishughulike na jambo lingine lolote.

Sasa kile kipande. Nyuma ya boti maji ya kulia na ya kushoto hukimbilia kukutana katikati, na hapo ndipo povu linapozaliwa, na kwenu povu huzidi kwa kuwa mkondo wa jeti unatokea mahali pale pale. Kipande kikibandikwa ubavuni karibu na tezi, huyasukuma maji ya upande huo nje, yakachelewa kufika, na wimbi la upande wa pili likapata nafasi ya kujitandaza likiwa safi. Kwa hiyo hubandikwa upande usiotumiwa na mtelezaji, jambo linalowachanganya wengi. Anayetanguliza mguu wa kushoto huteleza kwa kawaida upande wa kushoto wa boti. Kipande chake kikae kulia. Chagueni kile cha kunyonya kwa mpira, mkisafishe mahali pa kubandika, na mkifunge kwa kamba ya akiba kwa sababu siku moja kitabanduka. Kutoboa ubavu kwa skrubu ili kukifanya cha kudumu sikushauri hata kidogo. Na pampu zikionekana kulemewa hata baada ya hayo, fundi wa jeti anaweza kuwafungia pangaboi za ndani zenye mlalo mdogo zaidi, ambazo hutoa nguvu mapema na kupunguza kasi ya juu.

SWALI: Mume wangu anasema boti ya jeti ni salama kwa watoto kwa sababu haina rafadha nje. Je, niamini?
Mama wa watoto wawili, Dallas

JIBU: Dada yangu, mume wako amesema kweli, ila ni nusu ya kweli. Boti ambayo rafadha yake imetokeza nyuma ya tezi haifai kabisa kwa mchezo huu, kwa kuwa mtelezaji yuko mita chache tu nyuma yake, na hapo jeti ni bora bila ubishi. Lakini mkondo unaotoka kwenye jeti una nguvu ya kumjeruhi ndani ya mwili mtu anayeangukia karibu na mdomo wake, na ule mdomo wa chini unaovuta maji huweza kunyonya kamba au nywele ndefu. Katika boti nyingi za jeti pampu huendelea kuzunguka hata boti inapoonekana imesimama. Kwa hiyo injini zizimwe, si kupunguzwa tu, kila mtoto anapopanda au kushuka, na kamba ikishaachiwa ivutwe ndani mara moja.

Ninachokiogopa zaidi hakionekani. Moshi wa injini una kaboni monoksaidi, hewa isiyo na rangi wala harufu, na katika mwendo mdogo hukusanyika nyuma ya tezi. California ilipitisha sheria mwaka 2004 ya kukataza watu kujishikiza kwenye jukwaa la kuogelea huku injini ikifanya kazi, baada ya vifo vilivyotokana na hewa hiyo. Mtoto asiketi hapo hata kwa dakika moja boti inapokwenda. Akilalamika kichwa kinauma au anajisikia kichefuchefu, msidhani ni jua. Zimeni injini na mumwondoe hapo apate hewa safi. Na nahodha, mtelezaji anapoanguka, asigeuze boti kwa ghafla kulielekea wimbi lake mwenyewe, kwa kuwa omo iliyo wazi na iliyotiwa farumi hunywa maji haraka sana.

SWALI: Sisi tuko ziwa Minnetonka, na jirani analalamika kwamba mawimbi yetu yanapiga gati lake. Tuna haki ya kuendelea?
Msomaji, Minnesota

JIBU: Jirani yenu ana hoja, na imepimwa. Mwaka 2022 watafiti wa Chuo Kikuu cha Minnesota walichapisha vipimo vilivyoonyesha kwamba boti za mchezo huu zinahitaji zaidi ya futi 500 kutoka ufukweni ili mawimbi yao yapungue kufikia yale ya boti za kawaida. Vermont iliweka umbali huo katika kanuni zake mwaka 2024, pamoja na kina cha angalau futi 20. Fuateni vipimo hivyo hata pale ambapo hamjaamriwa, na msirudie mstari mmoja asubuhi nzima mbele ya nyumba ya mtu mmoja.

Katika ziwa lenu liko jambo la pili. Kome wa milia, viumbe wageni wenye kombe wanaoharibu maziwa, waligunduliwa Minnetonka mwaka 2010, na mabuu yao, ambayo ni madogo kiasi cha kutoonekana kwa macho, husafiri kwa raha ndani ya maji ya farumi. Sheria ya Minnesota inataka maji yote yamwagwe kabla ya kuondoka ziwani na vizibo vibaki vimetolewa njiani. Pampu ya mfuko haimalizi tone la mwisho, kwa hiyo uinueni kwa mikono, muuminye, kisha muukaushe kabisa kabla ya kuupeleka ziwa lingine.