Kabla hujapeleka sanamu kwenye kipilefti

Sanamu yangu ya kwanza ya nje ilikuwa korongo wa bati la milimita mbili, na masika moja tu ilitosha kuniumbua. Nilichomelea kila kiungo kwa utulivu, nikasaga kwa grainda mpaka pakawa laini, nikapiga redi oksaidi, ile rangi ya kwanza ya kuzuia kutu, na rangi mikono miwili. Mvua zilipokatika, miguuni mwa ndege palikuwa na michirizi ya kahawia ikishuka kwenye zege jeupe. Nikamtoboa tumbo kwa drili. Yakamwagika maji ya kutu, karibu ndoo nzima. Yalipitia kitundu cha sindano kwenye shingo ambacho hata leo sikioni vizuri. Pa kutokea sikuwa nimeyaachia.

Basi wadogo zangu, anzeni hapo. Maji yataingia tu, hata uchomelee kwa ustadi gani. Toboa tundu pale chini kabisa, nene kama kidole kidogo, kabla ya kupaka rangi ili kingo za tundu nazo zipate rangi. Zege la chini lipe mwinamo, maji yasituame kwenye nyayo.

Sisi wa pwani tuna na chumvi. Ukifunga alumini kwa boliti za chuma cha kawaida, unyevu wa bahari ukishapata nafasi kati yake, alumini huanza kuliwa pale pale kwenye boliti. Hata boliti za stenlesi hazikuponyi kama zinagusana na alumini moja kwa moja: weka washa za plastiki, au kata mpira wa gurudumu ukae katikati. Shaba nyeusi inavumilia zaidi. Yule Askari wa Mtaa wa Samora, Dar es Salaam, yupo juu ya jiwe lake tangu 1927. Ila shaba ina adui wake, naye ni mnunuzi wa vyuma chakavu. Kibao cha shaba kilichofungwa kwa skrubu mbili hesabu kimeshakwenda.

Kuhusu mchoro sina mengi, hayo mtafundishwa. Ninalotaka mlibebe ni la mahali. Kaa pale siku nzima kabla ya kuchora: asubuhi watu wakienda kazini, saa saba jua likiwa utosini, jioni wakirudi. Angalia wanakatisha wapi. Ile njia ya vumbi kwenye nyasi ambayo hakuna mhandisi aliyeichora ndiyo njia yenyewe, usiizibe.

Mwaka 1981 Richard Serra, mchongaji mkubwa wa Marekani, alisimamisha ukuta wa chuma uliopinda, wenye urefu wa mita 36 hivi, katikati ya uwanja wa ofisi za serikali huko New York. Wafanyakazi wakawa wanauzunguka kila siku kwenda kuvuka uwanja wao wenyewe. Wakalalamika, kesi ikafika mahakamani, na 1989 ukakatwa vipande na kuondolewa. Serra alisema kazi ile ilitengenezwa kwa ajili ya pale tu, kuihamisha ni kuiua. Mimi naona alikuwa na haki, na wale makarani nao walikuwa na haki. Ndiyo maana kesi ile hunisumbua.

Ukitaka kuona mahali palipotumiwa vizuri, nenda Mkunazini, Zanzibar, kwenye kumbukumbu ya watumwa ya Clara Sörnäs ya 1998. Watu watano wa zege wako ndani ya shimo, na minyororo waliyofungwa ni ile ya kweli. Zege, hilo hilo tunalomwagia nguzo za nyumba! Hakuna kiti cha marumaru wala kitu kilichonyanyuliwa. Inabidi uiname kuwatazama, na ukishainama, maongezi yanakatika yenyewe.

Jambo la mwisho ni watoto. Watapanda, na usiku watapanda na watu wazima waliotoka kunywa. Kuandika "Usipande" ni kupoteza rangi. Mimi nina kilo 84. Siku moja kabla ya kukabidhi kazi naning'inia kwenye mkono wa sanamu, au bawa, au chochote kilichochomoza, kisha namwita kijana wangu wa karakana naye aning'inie pembeni yangu. Kikilia kidogo tu, inarudi kwenye gari.