Gari la umeme lenye jenereta ya petroli: pima safari zako kabla ya kulingoja

Tangu kampuni ya Scout Motors ya Marekani ilipoonyesha, Oktoba 2024, magari yake mawili ya umeme ya kupita njia mbaya, wenzangu kadhaa hapa Tabora wameniuliza kama wauze Land Cruiser zao na kuyangoja. Swali hilo linanigusa, kwa kuwa mimi hununua asali kwa warina wa upande wa Sikonge, na kila mwaka gari langu hupita kwenye udongo wa mbuga ambao mvua ya siku moja huugeuza kuwa ulimbo. Ninalitamani gari la aina hiyo kwa dhati. Hata hivyo, nawashauri wote wanaoniuliza kwamba kabla ya kutenga hata shilingi moja wazijue safari zao wenyewe kwa tarakimu.

Scout, iliyo chini ya Kundi la Volkswagen, ilitangaza pikapu iitwayo Terra na gari la abiria liitwalo Traveler, kila moja kwa namna mbili. Namna ya kwanza ni ya umeme mtupu, inayolenga kwenda kilomita 560 hivi kwa chaji moja. Ya pili ina injini ya petroli inayoitwa Harvester na inalenga kuvuka kilomita 800, yaani kwenda Kigoma kutoka hapa na kukaribia kurudi. Injini hiyo haizungushi tairi hata kidogo: inazungusha jenereta, jenereta inailisha betri, na tairi zinazungushwa na mota za umeme wakati wote.

Mpangilio huo niliuelewa kwa mashine yangu ya kukamua asali. Zamani niliiendesha moja kwa moja kwa jenereta ya petroli, ambayo ilinguruma kutwa nzima hata pale mashine iliposimama nikipakia masega mapya. Fundi mmoja akanishauri ninunue betri na paneli za sola, kisha jenereta niiwashe kwa saa chache tu, ikiwa na mzigo wa kutosha, ijaze betri pale jua linaposhindwa. Petroli ya siku mbili ikawa inanitosha karibu wiki, nami nikatambua kwamba jenereta inayofanya kazi kwa mwendo mmoja, ikizimwa mara tu kazi yake inapokwisha, hula kidogo kuliko ile inayofuata kila badiliko la mashine.

Lakini jenereta hiyo hiyo ilinifundisha jambo ambalo matangazo ya magari hayalitaji. Kiangazi kimoja jua lilikuwa zuri mno, na kwa miezi mitano sikuihitaji. Mawingu yalipotanda nilivuta kamba mpaka kiganja kikachubuka, isiwake. Fundi alipofungua kabureta tulikuta utando wa rangi ya chai chini ya bakuli lake, unaonata kama nta iliyopata joto, na tundu dogo la kupitishia petroli limeziba kabisa. Petroli ikikaa sana huharibika, na mtu anayesafiri karibu kila siku kwa umeme wa nyumbani anaweza kubeba petroli ile ile tangini mwaka mzima. Waliounda Chevrolet Volt, gari la umeme lenye injini ya petroli lililoanza kuuzwa Marekani mwishoni mwa 2010, waliliona tatizo hilo, wakalifanya gari liwashe injini lenyewe ili kuiunguza petroli iliyokaribia kutimiza mwaka. Kwa hiyo, ukilipata gari la aina hii, usilijaze tangi bila sababu, na injini iwashe mara kwa mara hata kama huihitaji.

Funzo la pili linatoka kwa BMW i3, gari dogo la umeme ambalo toleo lake lenye jenereta lilikuwa na injini ndogo ya sentimita za ujazo 647, ya ukoo wa pikipiki. Kwa magari yaliyouzwa Marekani, jenereta iliruhusiwa kuwaka pale tu betri ilipokaribia kwisha, na kwenye mlima mrefu umeme iliouzalisha haukukidhi mahitaji ya mota, hivyo gari likapungua kasi. Anayeishi Kigoma mjini na kupandisha milima ya Manyovu na mzigo aifikirie picha hiyo. Jenereta yoyote ina kikomo, nayo betri ndiyo hubeba kilima na tope. Kwa hiyo ichaji iwe na akiba kabla ya kufika pagumu, wala usingoje mpaka uwe umekwama.

Sasa nirudi kwenye zile tarakimu za safari, ambazo mimi naziweka kwenye daftari. Kwa msimu mzima niliandika kila siku kilomita nilizokwenda, lita nilizotumia, mahali gari lilipolala na kama palikuwa na umeme. Nilijidhania mtu wa safari ndefu, kumbe siku nyingi sikufikisha kilomita 60. Zilizobaki zilikuwa safari za kambini kwa warina, za kilomita 300 hivi kwenda na kurudi, ambapo gari lililala porini usiku mbili na nguzo ya umeme ya karibu ilikuwa mbali mno. Kwa mahesabu hayo, gari la umeme mtupu lingenifaa siku nyingi na kunitia hofu chache, na chache hizo ndizo zenye riziki yangu. Dereva wa mjini ambaye hatoki nje ya manispaa hana haja ya kulipia injini asiyoitumia.

Uangalie pia umeme wa nyumbani kwako. Soketi ya kawaida ikitoa kilowati mbili kwa saa 10 inakupa uniti 20, na gari kubwa la porini linaweza kula uniti 25 au zaidi kwa kilomita 100. Usiku mmoja basi unakurudishia kilomita 80 hivi, zinazotosha matumizi ya mjini, mradi nyaya zako zivumilie mzigo huo kwa saa zote hizo. Soketi ya ghalani kwangu iliyeyuka kwa kuchaji betri usiku kucha. Nilianza kunusa plastiki, nikakuta plagi imegandamana na ukuta. Waya ulikuwa mwembamba kuliko nilivyoambiwa. Mwite fundi anayeaminika apime laini yako, na umuulize gharama ya kuweka umeme wa njia tatu.

Kuhusu kulipata gari lenyewe, tusidanganyane. Lilitangazwa kwa ajili ya Marekani na Kanada, kwa bei ya kuanzia chini kidogo ya dola 60,000 kabla ya meli na ushuru, na uzalishaji ukapangiwa kuanza 2027 huko South Carolina. Kule usukani uko kushoto. Nafasi iliwekwa kwa dola 100 zinazorudishwa, kwa hiyo dalali anayekuomba mamilioni ili akuwekee nafasi usimpe kitu. Ukitaka kuonja uendeshaji wake leo, omba kujaribu Nissan Note e-Power kutoka Japani, iliyoanza kuuzwa huko Novemba 2016: injini yake nayo huzalisha umeme tu, ingawa haichajiwi kwa waya na si gari la tope.

Mwaka huu daftari langu limeongezwa safu ya maji. Scout wamesema gari lao litavuka maji ya kina cha karibu sentimita 90, nami sikuwahi kujua kina cha mkondo ninaouvuka na gari, nilikuwa nikikadiria kwa kutazama kingo. Machi niliteremka na mrina mmoja mzee aliyeshika mti mrefu wa kushushia mizinga, akausimika katikati ya mkondo na kukata alama kwa kisu pale maji yalipoishia. Tulipoupima ufukweni zilikuwa sentimita 74, naye akanionyesha, kwenye gome la mti wa kando, mahali maji yalipofika masika ya mwaka wa kabla yake: juu ya kifua changu.